Maisha na Kazi ya Dorothy Hodgkin: Mwanakemia Aliyelisoma Umbo la Insulini

Utangulizi

Katika majarida ya vyama vya Kiswahili, wasifu tuliouzoea ni wa watunzi na wanaisimu. Muyaka, Mwana Kupona na Shaaban Robert wameandikwa na wataandikwa tena, na wanastahili. Ni nadra, hata hivyo, kurasa kama hizi kumpokea mwanasayansi, na ni nadra zaidi kumpokea mwanakemia. Makala haya yanadhamiria kumkaribisha mmoja wao: Dorothy Crowfoot Hodgkin, Mwingereza aliyezaliwa Misri, akaonja utamu wa kemia nchini Sudan, na kuiaga dunia mwaka 1994.

Sababu za kumteua ni mbili. Kwanza, matunda ya kazi yake yamo majumbani mwetu. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, zipo familia ambazo uhai wa mtoto au mzazi wao unategemea chupa ndogo ya insulini. Chupa hiyo huhifadhiwa katika jokofu la nyumbani au la jirani, na pasipo na umeme, huwekwa ndani ya chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji. Wanaoitumia wanaijua bei yake na wanajua kipimo chao. Ni wachache wanaojua kwamba umbo la dawa hiyo lilimchukua mwanamke mmoja miaka 35 kulibaini. Pili, maisha yake yanaibua swali linalotuhusu moja kwa moja sisi wanafunzi wa lugha: je, maarifa haya yanaweza kusemwa kwa Kiswahili?

Kuzaliwa na Malezi

Dorothy Mary Crowfoot alizaliwa tarehe 12 Mei 1910 jijini Kairo, akiwa kifungua mimba katika familia ya mabinti wanne. Baba yake, John Winter Crowfoot, alifanya kazi katika idara ya elimu, kwanza Misri na baadaye Sudan. Huko Sudan alikuwa mkurugenzi wa elimu na mkuu wa Chuo cha Gordon, ambacho ndicho kiini cha Chuo Kikuu cha Khartoum. Mama yake, Grace Mary, alikuwa mjuzi wa mimea na wa ufumaji wa jadi, na aliandika kuhusu yote mawili.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Dorothy na wadogo zake walikuwa Uingereza. Wazazi waliporudi kazini, watoto waliachwa chini ya uangalizi wa jamaa. Tangu hapo, Dorothy aliwaona wazazi wake kwa vipindi tu. Mama alipoteza ndugu zake wanne wa kiume kutokana na vita hivyo, na msiba huo ulimfanya kuwa mtetezi wa amani. Mwaka 1925 alimchukua bintiye hadi Geneva kuhudhuria kikao cha Shirikisho la Mataifa. Mbegu iliyopandwa siku hizo ilikuja kuzaa katika utu uzima wa Dorothy, kama tutakavyoona.

Akiwa na umri wa miaka kumi, katika darasa dogo la watoto, Dorothy alifundishwa kukuza fuwele za aina mbili. Aliziyeyusha chumvi zake katika maji, akaziacha zipoe na kukauka polepole, akatazama vipande vyenye kingo zilizonyooka vikijiunda vyenyewe bila kuchongwa na mtu. Hapa inafaa msomaji wa Kiswahili asimame kidogo. Fuwele hizo zilikuwa za shabu na za mrututu. Vitu hivi viwili vimo katika kamusi zetu kwa majina hayo, kwa kuwa wahenga wa Pwani walivifahamu na kuvitumia katika dawa na kazi za mikono. Kiswahili kilikuwa kimeyapa majina malighafi ya jaribio la kwanza la mwanakemia huyu kabla hata hajazaliwa.

Mwaka 1923 Dorothy na mdogo wake walikwenda Khartoum kuwaona wazazi wao. Huko walimjua mwanakemia wa udongo aliyeitwa A. F. Joseph, rafiki wa familia. Watoto hao walikuwa wameonyeshwa jinsi dhahabu inavyochekechwa kutoka mchangani, nao wakajaribu kufanya vivyo hivyo katika kijito kilichopita kando ya nyumba. Hawakupata dhahabu bali madini meusi yanayong'aa. Kwa msaada wa Joseph, Dorothy aliyapima na kugundua kuwa ni ilmenaiti, mchanganyiko wa chuma, titani na oksijeni. Joseph alimzawadia kisanduku cha kemikali na sampuli za madini, naye akaanzisha maabara yake mwenyewe katika chumba cha juu cha nyumba yao Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Elimu na Milango Iliyofungwa

Katika shule yake ya sekondari mjini Beccles, kemia ilikuwa somo la wavulana. Dorothy na msichana mwingine mmoja waliruhusiwa kujiunga nao. Alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha Oxford, alipata kikwazo kingine, nacho kilikuwa cha lugha. Mtahiniwa alitakiwa kuwa na Kilatini hata kama nia yake ilikuwa kusoma kemia tu. Shuleni hakuwa amefundishwa somo hilo, kwa hivyo ilimbidi afunzwe kando kwa haraka. Lugha ya Warumi haikuhitajika katika kupima asidi wala kukuza fuwele. Ilikuwa kufuli mlangoni.

Kabla ya kuanza masomo ya chuo mwaka 1928, alikwenda Jerash, mji wa kale ulioko Yordani ya leo, ambako wazazi wake walikuwa wakichimbua magofu ya makanisa ya karne nyingi. Kazi aliyopewa ilikuwa kunakili kwa mizani michoro ya sakafu zilizonakshiwa kwa vijiwe vya rangi. Aliifanya kwa usahihi mkubwa, akahesabu jinsi umbo moja linavyorudiwa, linavyogeuzwa na linavyounganishwa na jingine. Aliipenda kazi hiyo kiasi cha kufikiria kuiacha kemia na kufuata akiolojia. Hatimaye alibaki na kemia, lakini jicho lililozoea ruwaza za Jerash hakuliacha nyuma.

Fuwele na Mpango wa Mtaa

Ni vyema tueleze kwa ufupi taaluma aliyoichagua. Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Mkazi wa Eastlands ana mfano wa karibu. Mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ulifuata ramani chache za nyumba zilizorudiwa safu kwa safu. Anayeijua ramani ya nyumba moja na kanuni ya kuirudia ameujua mtaa mzima, angalau kama ulivyokuwa kabla ya wenyeji kuongeza vyumba, maduka na ghorofa. Fuwele ni mtaa wa namna hiyo ambao hakuna aliyeongeza chumba.

Tatizo ni kwamba nyumba za mtaa huo ni ndogo mno. Mwanga wa kawaida hauwezi kuzionyesha, hata kwa hadubini bora, kwa sababu mawimbi yake ni marefu kupita kiasi. Mawimbi ya miale ya eksirei ni mafupi yanayolingana na umbali ulioko baina ya atomu. Mwaka 1912, nchini Ujerumani, Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba miale hiyo ikipitishwa katika fuwele hutawanyika na kuacha madoa yenye mpangilio kwenye bamba la picha. Muda mfupi baadaye, William Henry Bragg na mwanawe Lawrence walionyesha jinsi ya kuanza na madoa kisha kurudi nyuma hadi kwenye atomu zenyewe.

Kurudi nyuma huko ndiko kugumu. Madoa si picha ya molekuli; ni kama mwangwi wake. Bamba hurekodi nguvu ya kila doa, lakini halirekodi mawimbi yalifika kwa hatua gani. Mtafiti hulazimika kuijaza sehemu hiyo iliyopotea kwa hisabati, kwa kulinganisha fuwele zilizotiwa atomu nzito na zisizotiwa, na kwa ubunifu. Mwaka 1926, Dorothy alipotimiza miaka 16, mama yake alimpa kitabu cha Bragg kilichoeleza mambo haya kwa vijana. Hakuiacha njia hiyo tena.

Mikono Yenye Maumivu

Baada ya kuhitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1932, Dorothy alikwenda Cambridge kufanya utafiti chini ya John Desmond Bernal. Mwaka 1934 wawili hao walichapisha ushahidi kwamba fuwele za protini, ikiwa hazijakaushwa bali zimebaki katika maji yake, hutoa madoa safi. Protini waliyoitumia ilikuwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni. Siku Bernal alipopiga picha ya kwanza, Dorothy hakuwepo maabarani. Alikuwa amekwenda kumwona daktari kuhusu maumivu ya viungo vya mikono.

Ugonjwa huo ulikuwa baridi yabisi. Alikuwa na umri wa miaka 24, na kazi yake ilikuwa ya kushika vipande vidogo kuliko punje ya chumvi. Tangu hapo hadi kufa kwake, vidole vyake viliendelea kupinda na viungo kuvimba. Aliporudi Oxford, swichi ya mashine ya eksirei ilikuwa ngumu kwake kuisukuma, kwa hivyo alitengenezewa mkono mrefu wa kuiwashia. Hakuiacha kazi ya kupachika fuwele kwa mikono yake mwenyewe, na walioshuhudia walistaajabia wepesi wa vidole vilivyokuwa vimeharibika.

Mwaka 1937 alifunga ndoa na Thomas Hodgkin, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mashuhuri wa Afrika, nao wakajaliwa watoto watatu. Chuoni, klabu ya wanakemia ilikuwa ya wanaume pekee, na yeye hakuruhusiwa kuhudhuria mikutano yake. Badala ya kulumbana, aliijaza maabara yake wanafunzi, wake kwa waume, kutoka mataifa mengi. Miongoni mwa waliofanya utafiti chini yake katika miaka ya 1940 ni Margaret Roberts, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza. Misimamo ya wawili hao kisiasa ilikinzana kabisa, lakini heshima baina yao haikukatika.

Penisilini na Vitamini B12

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, penisilini ilikuwa dawa iliyosubiriwa kwa hamu. Wanakemia hawakuafikiana kuhusu muundo wake. Dorothy, akisaidiwa na mwanafunzi wake Barbara Low, aliichunguza kwa eksirei, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amethibitisha kwamba kiini chake ni pete ya atomu nne: kaboni tatu na nitrojeni moja. Baadhi ya wakubwa wa taaluma walikuwa wameikataa kabisa dhana hiyo kwa kuiona pete ya namna hiyo kuwa dhaifu mno. Ilibainika kuwa udhaifu huo ndio nguvu ya dawa. Pete hiyo hufunguka na kukishika kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake.

Jambo hili lina historia yake Eastlands. Penisilini ndiyo dawa anayopewa mama mjamzito mwenye kaswende ili mtoto azaliwe salama, na Hospitali ya Uzazi ya Pumwani imewahudumia akina mama wa Nairobi tangu miaka ya 1920. Karibu nayo, Majengo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba walianza kuchunguza magonjwa ya zinaa katika miaka ya 1980. Wakati huo kisonono, kilichokuwa kikitibiwa kwa penisilini, kilikuwa tayari kimeanza kuishinda dawa hiyo. Bakteria walikuwa na kimeng'enya kinachoikata pete ileile aliyoigundua Dorothy. Bila kuijua pete, tusingejua ni nini kinachokatwa, wala jinsi ya kubuni dawa isiyokatika kwa urahisi.

Kutoka penisilini aliingia katika vitamini B12, ambayo ukosefu wake husababisha aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua. Alipokea fuwele zake nyekundu mwaka 1948. Molekuli hiyo ina atomu 181, ikiwemo moja ya kobalti katikati. Mahesabu yake yalizidi uwezo wa karatasi na kalamu. Kenneth Trueblood wa California alijitolea kuyafanya kwa mojawapo ya kompyuta za mwanzo, na matokeo yalivuka bahari kwa posta na simu za maandishi. Kufikia mwaka 1956 muundo mzima ulikuwa umechapishwa.

Ni kwa kazi hizi ambapo mwaka 1964 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie na bintiye Irène. Habari zilimkuta Ghana, ambako mumewe alikuwa akiongoza Taasisi ya Taaluma za Kiafrika huko Legon. Baadhi ya magazeti ya kwao yalisisitiza zaidi kwamba alikuwa mke na mama kuliko kwamba alikuwa mwanakemia.

Insulini: Safari ya Miaka 35

Insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, baada ya kugunduliwa Kanada. Hivyo basi, si Dorothy aliyewapa wagonjwa dawa hiyo. Alichowapa wanasayansi ni ufahamu wa ilivyo. Alipokea fuwele zake za kwanza mwaka 1934 na kuzipiga picha mwaka 1935. Madoa yalikuwa mazuri, lakini molekuli yenye takriban atomu 800 haikuwa ikisomeka kwa mbinu za wakati huo. Mtu mwingine angaliiacha. Yeye aliiweka kando bila kuisahau, akairudia kila mbinu mpya ilipozuka. Frederick Sanger alipoubaini mpangilio wa asidi amino zake 51 katika miaka ya 1950, herufi za neno zilijulikana. Lililobaki ni kujua jinsi neno linavyokunjwa.

Mwaka 1969 Dorothy na kundi lake, wakiwemo Guy Dodson kutoka New Zealand na M. Vijayan kutoka India, walifaulu. Walionyesha kwamba insulini hujikusanya sita sita kuzunguka atomu za zinki. Mvumilivu hula mbivu, lakini kuna uvumilivu wa mwezi na uvumilivu wa miaka 35 kwa vidole vinavyouma.

Je, mgonjwa wa Kayole alifaidika vipi? Insulini inapodungwa chini ya ngozi, kundi la sita hulazimika kutengana kwanza ndipo iingie katika damu. Kucheleweshwa huko humlazimu mgonjwa kudungwa muda kabla ya kula, na chakula kikichelewa, sukari yake huweza kushuka kwa hatari. Kwa kulijua umbo, wanasayansi waliweza kubadilisha asidi amino chache ili kundi litengane upesi. Insulini ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa mwaka 1996, miaka miwili baada ya Dorothy kufariki. Tatizo lililosalia ni la bei na upatikanaji, na hilo halitatuliwi maabarani.

Mtetezi wa Amani

Dorothy aliamini kuwa sayansi haina mpaka. Kwa sababu ya misimamo yake na ya marafiki zake, mwaka 1953 alinyimwa viza ya Marekani. Alizuru Umoja wa Kisovieti na Uchina wakati wa Vita Baridi, na aliutangazia ulimwengu kwamba wanasayansi wa Uchina walikuwa wameusoma muundo wa insulini kwa juhudi zao wenyewe. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1988 alikuwa rais wa Pugwash, jumuiya ya wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia. Mwaka 1993, akiwa na miaka 83 na katika kiti cha magurudumu, alisafiri hadi Beijing kuhudhuria kongamano la wataalamu wa fuwele. Alifariki nyumbani kwake Ilmington tarehe 29 Julai 1994.

Nuru Mpya: Sinkrotoni

Taaluma aliyoiacha imebadilika. Leo watafiti hutumia sinkrotoni, mtambo wa umbo la pete ambamo elektroni hukimbizwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Sumaku zinapozipinda elektroni hizo, hutoa miale ya eksirei yenye nguvu kupita kiasi ikilinganishwa na ile ya mashine za Dorothy. Miale hiyo huelekezwa katika vituo vilivyozunguka pete, na kila kituo kina kazi yake. Picha zilizomchukua saa nyingi sasa hupatikana kwa sekunde, na kutoka kwa fuwele ndogo zaidi. Mtambo wa Diamond, wenye pete ya mita 562, ulifunguliwa mwaka 2007 kusini mwa Oxford, katika kaunti ileile alikofanyia kazi.

Afrika haijajenga sinkrotoni yake. Iliyo karibu zaidi nasi ni SESAME, iliyofunguliwa mwaka 2017 huko Allan, Yordani, si mbali na Jerash alikonakili Dorothy sakafu za kale. Wanachama wake ni pamoja na Misri, alikozaliwa, na mataifa ambayo kisiasa hayaelewani kamwe, zikiwemo Iran na Israeli. Inaelekea mwanamke huyu angaliipenda. Aidha, siku hizi fuwele zilizogandishwa hutumwa mbali kama kifurushi, na mtafiti huiongoza mitambo kwa njia ya intaneti. Kwa hivyo mwanafunzi aliyelelewa Umoja au Makadara anaweza, akiwa Nairobi, kuisoma fuwele iliyoko Ulaya, mradi awe ameijua taaluma yenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba Dorothy Hodgkin alikumbana na vikwazo vya jinsia, vya afya na vya siasa. Kwetu sisi, kikwazo cha Kilatini ndicho cha kutafakariwa zaidi. Mwanafunzi wa Eastlands huijia kemia kupitia Kiingereza, ilhali barazani na nyumbani hutumia Kiswahili na Sheng. Mzazi wake hupewa chupa ya insulini yenye maelezo asiyoyaelewa vizuri, na kukosea kipimo ni suala la uhai.

Haitoshi kudai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Shabu, mrututu, fuwele, kongosho, baridi yabisi na kimeng'enya ni maneno yetu. Yanayokosekana ni maandishi yanayoyatumia mfululizo, kwa usahihi, mbele ya msomaji wa kawaida. Kazi hiyo haiwasubiri wanakemia peke yao. Ni pendekezo la makala haya kwamba wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni washirikiane na wenzao wa vitivo vya sayansi na afya, waanze na jambo dogo linalohitajika leo: maelezo sahihi ya Kiswahili ya kuhifadhi na kutumia insulini, yatakayowekwa katika zahanati za mitaa yetu.